Cheni Inapolia: Namna Peugeot Kongwe Zinavyopewa Uhai Kangari

Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa haujaachana na majani chai, Peugeot 504 iliyochoka hujitangaza Kangari kabla haijaonekana. Starta huzunguka kwa uzito kwa sababu oili imekuwa nzito kwa baridi, injini hushika, kisha nyuma ya radieta husikika mlio mkavu wa chuma kikigonga chuma. Sekunde chache baadaye mlio hutulia. Mwenye gari huona mambo yako sawa, huingiza gia na kushika njia ya sokoni.

Mambo hayako sawa. Mlio huo ni wa cheni ya taimingi iliyolegea na kuanza kuupiga mfuniko wake. Ukitulia, ni kwamba presha ya oili imefika kwenye tenshena, kifaa kinachoikaza cheni, nayo imeficha kasoro hadi injini itakapopoa tena. Kesho asubuhi utarudi. Baada ya miezi kadhaa hautasubiri asubuhi, utasikika hata gari likiwa limepata moto. Anayepeleka gari kwa fundi mapema hulipia cheni na kazi ya siku chache. Anayeuzoea mlio huishia kulipia injini.

Kangari ni mji mdogo wa eneo la Kigumo, Kaunti ya Murang'a, kwenye miteremko ya Aberdare. Ni nchi ya majani chai, nchi ya viwanda kama Ikumbi na Makomboki, na matuta yake hayampi dereva nafasi ya kupumzisha mguu. Gari hupanda kwa gia ya pili likiwa na mbolea, kuni au nyasi za ng'ombe, halafu huteremka kwa gia hiyo hiyo ili breki zisiungue. Kila petroli inapokanyagwa na kuachiliwa, kasi ya injini hubadilika ghafla na cheni hupata mshtuko. Ongeza baridi inayochelewesha oili kufika juu, na utaona kwa nini huku milimani kasoro hii hujitokeza wazi kuliko katika barabara tambarare za pwani.

Kazi ya cheni

Ndani ya injini ya petroli kuna mihimili miwili isiyoruhusiwa kupishana. Wa kwanza ni krenkishafti, unaozungushwa na pistoni. Wa pili ni kemshafti, unaofungua na kufunga valvu za kuingiza mchanganyiko wa hewa na petroli na za kutoa moshi. Krenkishafti ikizunguka mara mbili, kemshafti inatakiwa izunguke mara moja kamili. Ndiyo sababu gia ya juu huwa na meno maradufu ya ile ya chini. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 kwa sekunde moja, na kinachohakikisha haikosei wakati ni ile cheni.

Cheni ya aina hii ina historia ndefu kuliko ya gari lenyewe. Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi zake Manchester, Uingereza, aliibuni cheni ya bushi na rola mwaka wa 1880. Miaka miwili baadaye familia ya Peugeot nchini Ufaransa, iliyokuwa imejulikana kwa misumeno na visagio vya kahawa, ilianza kutengeneza baiskeli. Kanuni inayoendesha cheni ya baiskeli ndiyo inayofanya kazi ndani ya 504, ila huku cheni huoga oili na hakuna anayeiona hadi mfuniko ufunguliwe.

Watu husema cheni imevutika. Kwa kweli chuma chake hakivutiki kwa kiasi cha kuonekana. Kinacholika ni pini na bushi katika kila ungio. Chukua cheni ya pingili 60. Kila ungio likilika kwa sehemu tano tu za mia za milimita, urefu wote umeongezeka kwa milimita tatu. Tenshena hujitahidi kuumeza ulegevu huo, lakini nayo ina mwisho wake. Ikifika mwisho, kemshafti huanza kuchelewa nyuma ya krenkishafti. Gari hupoteza nguvu kwenye mlima, hunywa petroli zaidi na hukataa kutulia likiwa limesimama. Mwenye gari hubadilisha plagi, husafisha kabureta, hununua pointi mpya, na tatizo hubaki pale pale.

Watengenezaji wa magari walijaribu kuiepuka cheni. Mwaka wa 1962 kampuni ya Glas ya Ujerumani ilitoa gari lililotumia mkanda wa mpira wenye meno badala yake, na katika miaka iliyofuata wengi waliiga. Mkanda hauna kelele na ni rahisi kutengeneza, lakini huzeeka kimya na hukatika bila taarifa, ndiyo maana una kilomita zake za kubadilishwa. Cheni haina tarehe kama hiyo. Hudumu muda mrefu sana ikipewa oili safi, na ikichoka hupiga kelele. Shida ni kwamba wenye magari wengi huichukulia kelele hiyo kuwa tabia ya gari kuukuu.

Kwa nini bado ni Peugeot

Peugeot 404 ilizinduliwa mwaka wa 1960, na 504 ikafuata mwaka wa 1968, ikatajwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya 1969. Afrika Mashariki haikuhitaji tuzo ya Ulaya kuyajua magari haya. Mbio za Safari Rally, zilizoanza 1953, zilikuwa zimeshatoa hukumu. Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka na saba tu yakamaliza. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda wakiendesha 404. Mwaka wa 1968 yaliondoka magari 93, yakamaliza saba tena, na washindi walikuwa wale wale wawili, ndani ya 404 tena. Katikati ya ushindi huo, Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania walinyakua mbio za 1966 na 1967 kwa gari la aina hiyo hiyo. Ove Andersson aliipa 504 ushindi mwaka wa 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda 1978 kwa 504 Coupé yenye injini ya V6.

Wanunuzi wa Nyeri, Karatina, Murang'a na Meru walikuwa wakitazama, maana mbio hizo zilipita mara nyingi katika matope ya barabara zinazouzunguka Mlima Kenya. Mwaka wa 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni za usafiri wa umma, pick-up za Peugeot zilizofungwa bodi nyuma zilikuwa miongoni mwa magari yaliyoingia kazini. Baadaye 504 iliunganishwa nchini, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, Mombasa, na kuuzwa na kampuni ya Marshalls. Mkulima wa majani chai angeweza kununua pick-up mpya isiyoshtushwa na magunia ya mbolea wala mashimo.

Kuna sababu nyingine ya magari haya kuendelea kutunzwa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa na umri wa zaidi ya miaka minane. Gari la kale unaloliona barabarani ni lile lililokuwa hapa tangu zamani. Likifa, pengo lake halizibwi na jingine kutoka bandarini.

Na 504 imeumbwa kwa namna inayomsaidia fundi wa mashambani. Injini yake ya silinda nne, iwe ya sentimita za ujazo 1,796 au 1,971, ina kemshafti ndani ya bloku, si juu ya hedi. Kwa hiyo cheni yake ni fupi. Inabadilishwa injini ikiwa ndani ya gari, hedi haiguswi, na hakuna kompyuta inayoulizwa chochote. Spana za kawaida, pula ya kung'olea puli na mwanga wa kutosha vinatosha kuanza.

Kupima kabla ya kufungua

Fundi anayejua kazi yake hashiki spana kwa kusikia mlio tu. Pampu ya maji iliyokufa, beringi ya alternata na puli iliyolegea vinaweza kulia karibu na pale pale. Kipimo cha cheni ni rahisi na hakihitaji mashine.

Huondoa kifuniko cha distribyuta ili rota ionekane. Distribyuta ya 504 huendeshwa na kemshafti, kwa hiyo rota ikisogea, kemshafti imesogea. Kisha huweka spana kwenye nati ya puli ya krenki na kuizungusha injini polepole kwa mkono, kuelekea upande wake wa kawaida, hadi cheni ikaze upande mmoja. Hutia alama ya chaki kwenye puli. Mwenzake akiwa ameikazia macho rota, huanza kuirudisha puli nyuma kidogo kidogo. Rota haitasogea mara moja. Puli itazunguka bure kwanza, halafu rota itashtuka. Umbali ule wa bure, kutoka alama ya chaki hadi rota iliposhtuka, ndio ulegevu wa cheni pamoja na uchakavu mdogo wa meno ya distribyuta.

Katika injini yenye afya umbali huo ni mdogo sana. Ukifika nyuzi kumi za mzunguko, hakuna haja ya mjadala. Mwenye gari akisimama hapo na kujionea mwenyewe puli ikizunguka huku rota imesimama, huacha kuuliza kama kazi ni ya lazima.

Kipimo cha pili ni taa ya taimingi, ile inayomulika puli kila plagi ya kwanza inapowaka. Alama ya puli inatakiwa ionekane imesimama tuli. Ikicheza mbele na nyuma wakati injini inanguruma polepole, ama distribyuta imechakaa au cheni imelegea, na kipimo cha rota kitaamua ni ipi.

Mfuniko unapoondoka

Kazi yenyewe huanza na mambo ya kawaida. Waya wa betri huondolewa, maji humwagwa, radieta hutoka. Feni ya 504 inataka uangalifu, kwa kuwa ina klachi ya umeme inayoiacha ipumzike injini ikiwa baridi na kuishika maji yakipata moto. Waya wake ukikatwa kwa haraka, gari litarudi gerejini baada ya muda mfupi likichemka, na lawama itapewa cheni mpya isiyo na hatia.

Kabla ya nati kubwa ya puli kulegezwa, injini huzungushwa hadi pistoni ya kwanza ifike juu kabisa, valvu zake zote mbili zikiwa zimefungwa. Hapa ndipo fundi aliyelelewa na magari ya Kijapani anapoweza kupotea. Katika injini ya Datsun au Toyota, silinda ya kwanza iko mbele, karibu na radieta. Katika 504 silinda ya kwanza huhesabiwa kutoka nyuma, upande wa flaiwili. Pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja, kwa hiyo alama za krenki zitakaa sawa hata ukikosea. Lakini distribyuta itakuwa imepinduka nusu mzunguko, cheche zitapiga wakati moshi unatoka, na injini itakohoa kupitia kabureta badala ya kuwaka. Fundi asiyejua atafungua tena mfuniko kutafuta kosa ambalo halimo.

Puli ikishang'olewa, hufuata bolti za mfuniko. Bolti hizi hazilingani urefu. Mafundi makini huchora umbo la mfuniko kwenye kipande cha kadibodi na kuchomeka kila bolti mahali pake. Mfuniko ukitoka, ushahidi huwa wazi: mikwaruzo inayong'aa ndani ya chuma pale cheni ilipokuwa ikipiga, oili nyeusi iliyoganda pembeni, na meno ya gia ya chini yaliyoinama upande mmoja kama ndoana.

Meno hayo yaliyoinama ndiyo hoja kubwa ya kazi nzima. Mwenye gari anayebana matumizi huomba cheni peke yake ibadilishwe, gia ziachwe. Cheni mpya ina nafasi sawa kati ya pingili na pingili, na gia iliyolika imezoea nafasi pana ya cheni ya zamani. Zikikutanishwa, rola hazikai chini ya bonde la jino. Hupanda juu kidogo na kusaga. Cheni mpya hulika upesi kuliko ile iliyotoka, na mlio hurudi ukiwa mkali zaidi. Cheni, gia zote mbili, tenshena, gasketi ya mfuniko na sili ya mbele ya krenki hubadilishwa kwa pamoja, siku moja.

Tenshena nayo ina desturi yake. Injini nyingi za Peugeot za wakati huo zilikuwa na tenshena inayosukumwa na oili na kushikiliwa na meno ya ndani ili isirudi nyuma. Huwa na tundu dogo la ufunguo wa pembe sita. Fundi huuzungusha ili pedi irudi ndani na kufungika. Baada ya cheni kuvalishwa, huifungulia ili pedi itoke yenyewe na kuegemea cheni. Kuisukuma kwa bisibisi kwa nguvu ni kuivunja. Tundu linaloleta oili kwenye tenshena hupulizwa hewa hadi liwe safi, kwa sababu uchafu kidogo ukiziba pale, tenshena mpya ya bei kubwa itakuwa pambo.

Alama, na hofu ya mzunguko wa pili

Gia zote mbili zina alama za mtengenezaji. Baadhi ya cheni nazo huja na pingili chache zilizopakwa rangi ya shaba au zinazong'aa kuliko nyingine, na hizo hukaa mkabala na alama za gia wakati wa kuvalisha. Jino moja likikosewa, madhara si madogo. Gia ya krenki ikiwa na meno 18, kila jino ni nyuzi 20 za mzunguko wake. Gari huenda likawaka, lakini halitapanda mlima wowote wa Murang'a. Kosa likizidi, valvu iliyo wazi inaweza kukutana na pistoni inayopanda, ikapinda.

Kwa hiyo, kabla mfuniko haujarudishwa, injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenki. Haizungushwi kwa starta. Mkono husikia kizuizi na kusimama. Starta huvunja kwanza. Mizunguko miwili ikitimia, alama za gia hukutana tena. Pingili zile za shaba, hata hivyo, hazitakuwa pale zilipoachwa. Zimesogea, na zitahitaji mizunguko mingi kabla ya kurudi mahali pale, kwa sababu idadi ya pingili hailingani na idadi ya meno. Mwanafunzi akiona hivyo hushtuka, huvua cheni na kuanza upya, mara nyingine hadi jioni. Pingili za rangi ni za kuvalishia tu. Baada ya hapo, zinazosema ukweli ni alama za gia.

Mfuniko hurudishwa ukiwa umekwanguliwa gasketi ya zamani yote, na sili mpya ikiwa imepakwa oili mdomoni. Silikoni nyingi si bima. Inayominyika nje huonekana na kufutwa; inayominyika ndani hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Oili na filta hubadilishwa. Plagi huondolewa na starta huzungushwa kidogo ili oili ipande kabla injini haijawashwa. Ikiwashwa, taimingi ya moto hupimwa upya, kwa sababu distribyuta ilikuwa imerekebishwa kufuata cheni iliyochelewa.

Kabari ya Datsun

Si kila gari la kale ni rahisi hivyo. Datsun 1600 SSS, ambayo Edgar Herrmann alishindia Safari mwaka wa 1970, na 240Z iliyompa yeye ushindi wa 1971 na kumpa Shekhar Mehta wake wa kwanza 1973, zina injini za familia moja, zenye kemshafti juu ya hedi. Cheni yao ni ndefu, inapanda kutoka chini kabisa hadi juu. Fundi anayefungua hedi kwa sababu nyingine, pengine gasketi iliyoungua, lazima kwanza asukumie kabari ya mbao kati ya pande mbili za cheni. Akiisahau, cheni hulegea, pedi ya tenshena huruka nje, na kazi ya hedi hugeuka kuwa kazi ya kufungua mbele yote ya injini. Kabari hiyo hutengenezwa kwa msumeno na kipande cha mbao ngumu kwa dakika chache, na wengi waliowahi kuikosa huiweka ndani ya sanduku la spana maisha yao yote.

Wahandisi wa Datsun pia walikubali mapema kwamba cheni italegea. Gia ya kemshafti ina matundu matatu yenye nambari 1, 2 na 3. Gari hutoka kiwandani likitumia la kwanza. Cheni ikilegea kiasi, fundi huhamia la pili, kisha la tatu, na kemshafti hurudi kwenye wakati wake bila spea yoyote kununuliwa. Ikifika tundu la tatu na bado inachelewa, cheni imemaliza kazi. Kuna wenye Datsun walionunua seti nzima kumbe walikuwa wanadaiwa robo saa ya kuhamisha tundu.

Toyota 22R, iliyokuwa kwenye pick-up nyingi za miaka ya 1980, inatoa onyo la upande wa pili. Pedi zake za plastiki zinazoongoza cheni huvunjika kwa uzee. Cheni isiyo na kiongozi hukata mfuniko kidogo kidogo hadi kufikia njia ya maji. Maji huingia kwenye oili, na beringi za krenki huharibika. Yote huanza na mlio ule ule wa asubuhi.

Safari ya Kirinyaga Road

Spea za 504 hazijakwisha. Kaduna, Nigeria, gari hilo liliendelea kuundwa hadi katikati ya miaka ya 2000, na waliolirithi barani ni wengi kiasi cha kumpa mtengenezaji wa vipuri soko. Kwa watu wa Mlima Kenya, safari ya spea huishia Kirinyaga Road jijini Nairobi, barabara ambayo wazee bado huiita Grogan, baada ya kupitia maduka ya Thika bila mafanikio.

Ugumu ni kutofautisha kilicho halisi na cha kughushi. Kenya ina Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi tangu 2008, lakini kaunta ya duka haina hakimu. Mnunuzi hujilinda kwa kubeba cheni ya zamani mkononi. Ahesabu pingili za zote mbili. Ailaze cheni mpya kwa ubavu wake, aishike ncha moja na kuinyanyua: cheni nzuri hubaki karibu imenyooka, mbovu huinama kama kamba. Azungushe rola kadhaa kwa kidole, zote zizunguke sawasawa. Aangalie kama kuna jina la mtengenezaji lililopigwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi tu, ingawa jina nalo hughushiwa. Gia mpya na ya zamani ziwekwe mgongo kwa mgongo ili alama na tundu la ufunguo zilingane.

Fedha za kazi hii nazo zina majira yake milimani. Wakulima walio chini ya shirika la majani chai la KTDA hupata malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwaka baada ya hesabu za Juni kufungwa. Bonasi ina wadai wengi: karo, mabati, deni la duka. Gari lililolia tangu Julai husubiri hadi hapo, na mara nyingi huendeshwa likisubiri. Kama pesa hazipo, kuliegesha ni nafuu kuliko kulitumia.

Elimu inayohamia kwenye Probox

Wapo wanaosema maarifa haya yatazikwa na magari yenyewe. Barabara inasema vingine. Toyota Probox, inayobeba maziwa, mboga na abiria wa vijiji vya Mlima Kenya, nyingi zina injini ya 1NZ, na injini hiyo hutumia cheni, si mkanda. Cheni yake ni nyembamba kuliko ya 504 na mfumo wake wa kubadili taimingi unategemea usafi wa oili zaidi. Kijana aliyejifunza kupima ulegevu, kulinganisha alama na kuzungusha injini kwa mkono kwenye Peugeot ya babu yake hatashangaa akifungua Probox.

Kinachokosekana ni cheti. Mafundi wengi wa jua kali walijifunza kwa kushikilia taa huku fundi mkuu akifanya kazi, na mteja mgeni hana njia ya kujua nani amehitimu. Mitihani ya ufundi inayosimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, iko wazi kwa aliyejifunzia gerejini pia. Fundi anayeweza kurudisha 504 barabarani ana kila sababu ya kuufanya mtihani huo, na kaunti zinazotoa basari kwa wanafunzi wa vyuo zingefanya jema kumlipia ada.

Kwa mwenye gari, orodha si ndefu. Badilisha oili kila kilomita 5,000 kwa injini za umri huu, na uinunue kwa muuzaji unayeweza kumrudia. Asubuhi, ukiwasha, fungua boneti na usikilize kabla hujaondoka. Ukisikia mlio wa chuma mbele ya injini unaotulia baada ya sekunde chache, omba kipimo cha rota kabla ya kununua kitu chochote. Kipimo kikionyesha ulegevu, nunua seti kamili, uitazame cheni ya zamani ikitoka, na umwombe fundi azungushe injini kwa mkono mbele yako, mizunguko miwili, kabla hajafunga mfuniko.